Malalamiko Kuhusu Nguzo Nyekundu ya Kituo cha Tumati

Kituo cha Kukusanyia Maziwa Tumati,
Mbulu, Manyara.

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Umoja wa Wafugaji wa Maziwa Nyanda za Juu,
Katesh, Hanang.

YAH: NGUZO NYEKUNDU, PAMOJA NA PICHA NYINGINE ZINAZOTUHARIBIA SIFA KWENYE RUNINGA YA UMOJA

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu wangu Mama Hilaria, shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, kwa sababu barua ni ndefu.

Natumaini magoti yamepunguza kuuma. Sisi huku Tumati tu wazima, ng'ombe wazima, mbaazi zimekubali, ni barabara tu ambayo bado mgonjwa. Mimi ni yule yule Pascal Tluway uliyemfundisha darasa la tano, ukasema mbele ya wenzangu kwamba mwandiko wangu unatembea kama ndama aliyezaliwa leo. Sasa ni mwenyekiti wa kituo cha maziwa. Ndama amekua, Mwalimu, ila kutembea bado hivyo hivyo, naomba uvumilie.

Sina tabia ya kulalamika. Uliza mtu yeyote hapa Tumati, isipokuwa mke wangu. Lakini jambo hili limenikaa kooni, na nikilimeza nitaugua.

Jambo lenyewe ni ile runinga kubwa mliyoitundika ofisini Katesh, pamoja na zile picha za hesabu ambazo binti Hadiya, afisa takwimu wetu, anazitengeneza na kututumia wenyeviti kwenye simu kila mwezi. Yeye anaziita dashibodi. Mimi dashibodi niliyokuwa naijua ni ya gari, na hiyo huwa inakuonyesha mafuta yamebaki kiasi gani, basi, hailinganishi gari lako na la jirani. Hii ya Hadiya inatulinganisha vituo vyote vinne, Tumati, Dirma, Gendabi na Dongobesh, kwa mambo manne kwa pamoja: wingi wa lita, unene wa mafuta, kuwahi kufika, na maziwa yaliyokataliwa kwenye kipimo pale Katesh. Na sasa tumeambiwa kwamba Umoja umepata tangi moja la kupoozea maziwa, na kwamba Bodi itakaa, itaitazama runinga hiyo, na hapo hapo itaamua tangi liende kituo gani.

Tangi hilo tunalitaka. Nasema wazi, bila kuzunguka mlima. Wewe ni mama wa huku, unajua utaratibu: maziwa ya asubuhi ni ya baba, ya jioni ni ya mama wa nyumba. Ya asubuhi lori linayachukua yangali na joto la ng'ombe, yanafika salama. Ya jioni yanalala, asubuhi yanarushwa na mashimo ya barabara mpaka Katesh, na yakiguswa na spiriti ya kipimo yanakatika mabonge na kukataliwa. Maana yake ni kwamba baba wa Tumati ni mwanachama mwenye mapato, na mama wa Tumati ni mwanachama mwenye ndoo. Mke wangu Fransiska amenieleza kwa utulivu, ule utulivu wake ninaouogopa, kwamba tangi likienda Gendabi basi na mimi nichukue blanketi nikalale huko huko karibu nalo.

Kwa hiyo, Mwalimu, naorodhesha malalamiko yangu kwa namba kama ulivyotufundisha, nikiomba kila moja lisomwe kwa sauti mbele ya Bodi.

1. Kuhusu duara lililokatwa vipande.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya maziwa. Hadiya alichora duara, akalikata kama chapati, kila kituo kipande chake na rangi yake. Ukigawa lita kwa namna hiyo naelewa, kwa sababu lita zote zinamwagwa kwenye chombo kimoja, na kila mmoja ana sehemu yake humo. Lakini unene wa mafuta? Ukichukua unene wa Tumati, ukajumlisha na wa Dirma, na wa Gendabi, na wa Dongobesh, jumla yake ni kitu gani? Hakuna ng'ombe wa jumla hiyo duniani. Ni sawa na kujumlisha urefu wa wajumbe wa Bodi ili kujua mna akili kiasi gani.

Halafu vipande vyenyewe vilikuwa vinakaribiana mno. Tulikaa kituoni kutwa nzima tukibishana kama chetu kimekipita cha Dirma au cha Dirma kimekipita chetu. Katibu wangu, Modest, alileta kipima pembe cha mtoto wake wa shule akakiweka juu ya kioo cha simu. Kila alipogusa, picha ilijikuza ikakimbilia pembeni. Tulikaribia kugombana, watu wazima, wengine wana wajukuu. Na kwetu, Mwalimu, anayekata nyama ndiye anayechukua mwisho, ili kisu kiwe na adabu. Hatujui huyu aliyekata duara alikuwa anachukua kipande kipi.

2. Kuhusu vitu visivyofanana kusimamishwa kwenye uwanja mmoja.

Tulipolalamika, Hadiya, ambaye ni msikivu kuliko tunavyostahili, akaacha duara akaleta nguzo. Nikafurahi, kwa sababu nguzo hata asiyesoma anaiona. Lakini alizisimamisha zote kwenye uwanja mmoja na rula moja: lita, mafuta, dakika za kuchelewa, ndoo zilizokataliwa. Sasa lita zinahesabika kwa maelfu, na mafuta ni namba ndogo ya vidole vya mkono mmoja. Matokeo yake nguzo za lita zilikuwa kama mikaratusi na nguzo za mafuta zikawa kama nyasi zilizoliwa na mbuzi. Ukitazama haraka, Tumati tunauza maji.

Usifikiri natia chumvi. Rogathe, mwenyekiti wa Dirma, alinipigia simu kunipa pole. Pole ya nini, nikamuuliza. Akasema ya ng'ombe wetu, maana ameona mafuta yamekwisha, labda ni ugonjwa umeingia. Nilimjibu kwa heshima kwamba atazame vizuri, na ya kwake pia yamekwisha. Akaenda kutafuta miwani, simu ikiwa hewani, mpaka vocha yake ikaisha.

Mwezi uliofuata akazitenganisha, nguzo za lita zikakaa peke yake, tukashukuru. Lakini rula haikuanzia sifuri! Ilianzia juu huko hewani, elfu moja na kitu, hivyo Gendabi waliotuzidi ndoo chache tu walionekana wametuzidi mara mbili. Nguzo yao kama mnara wa simu, yetu kama kigingi cha kufungia ndama. Mwalimu, nyumba inaanzia ardhini. Mtu akichimba msingi akaufukia, kisha akatuonyesha paa tu, tukisema nyumba yake ni ndogo tutakuwa tumekosea, na tukisema ni kubwa tutakuwa tumekosea pia. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na mimi sisemi Hadiya anavutia kwa Gendabi. Nasema ngozi imekwenda huko yenyewe.

3. Kuhusu nguzo nyekundu. Hapa ndipo penye kidonda.

Siku ya mkutano mkuu sisi wa Tumati tulichelewa kwa sababu ya matope ya njiani, tukakaa nyuma kabisa ya ukumbi. Maandishi hayasomeki kutoka pale, picha tu ndizo zinazoonekana. Basi ikatokea picha ya nguzo nne. Tatu fupi, moja ndefu, nyekundu, imepanda mpaka inagusa ukingo wa juu wa runinga, na chini yake jina Tumati limeandikwa kwa herufi kubwa. Jamani! Tungefanya nini? Tulipiga makofi. Akinamama wakapiga vigelegele. Fransiska alisimama akaanzisha wimbo. Modest, ambaye sijawahi kumwona akitoa kitu bila kuombwa, aliahidi mbuzi mbele ya ukumbi mzima. Niliona wajumbe wa Bodi wanatazamana, nikadhani ni wivu.

Mbuzi alichinjwa jioni ile ile tuliporudi. Jumapili katekista akatutangaza kanisani, tukasimama, waumini wakatushangilia. Ilikuwa Jumatatu ndipo Hadiya alipotuma maelezo kwenye kundi la simu, kwa upole mkubwa, kwamba nguzo ile ilikuwa ya maziwa yaliyoharibika. Tulikuwa tumeshukuru Mungu kwa maziwa yaliyokatika, na mbuzi alikuwa ameshaliwa mpaka ukwato.

Sasa nauliza. Kwa nini jambo baya lipande juu kama jambo zuri? Mtoto akifaulu anapanda darasa, na akifeli je, anapanda pia? Nguzo ya aibu ingeelekea chini, iingie ardhini, tungeielewa hata tukiwa nje ya mlango. Na hiyo rangi nyekundu, nani alikubaliana na nani kwamba ni mbaya? Kwetu ng'ombe mwekundu ni fahari ya zizi. Hadiya anasema nyekundu ni hatari, kama taa za barabarani. Mwalimu, kutoka Tumati mpaka Dongobesh taa ya barabarani iko wapi?

Hata hivyo hatukukaa kulia. Nilikumbuka wewe ulikuwa unatoa daftari kwa mtoto wa kwanza darasani, si wa mwisho. Zawadi huenda kwa aliyefanya vizuri, ndivyo dunia ilivyo. Nikaitisha kikao, nikawaambia wanachama kwamba nguzo hii ikibaki ndefu, tangi tunalisikia redioni. Dawa yake ni moja: maziwa ya jioni yasiletwe tena kituoni. Yasipokwenda Katesh hayatakataliwa, yasipokataliwa nguzo haina chakula, itakonda yenyewe.

Nakiri kwamba niliomba jambo zito, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa ikitokea siku za baridi kali nusu yanapita, na mama anapata chochote. Fransiska alinitazama sana. Kisha akasimama, akawaambia wenzake kwamba wavumilie, mwanamke habebi mimba kwa siku moja, wamwage kwa miezi michache ili baadaye wasimwage tena maisha. Wakakubali wote. Tangu siku hiyo maziwa ya jioni yanakwenda kwa ndama, kwa nguruwe na kwa mbwa. Mbwa wa Tumati wamenenepa hadi wanashindwa kubweka. Na nguzo nyekundu, Mwalimu, itazame sasa: imekuwa fupi kuliko ya kituo chochote, haifiki hata kisigino cha Gendabi. Naomba Bodi itambue kazi hiyo, na iyatambue machozi yaliyomo ndani yake, maana nimeyaona kwa macho yangu, jioni, pale kwenye birika la nguruwe.

4. Kuhusu mistari.

Sitasema mengi. Mistari minane kwenye picha moja, miwili kwa kila kituo, mingine ya lita, mingine ya kuwahi. Upande wa kushoto rula ya lita, wa kulia rula ya dakika, na hakuna aliyetuambia mstari upi unasoma rula ipi. Ilikuwa kama tambi zimemwagika. Watu wa Gendabi walifanya sherehe kwamba mstari wao umeukata wa kwetu mwezi wa nne na kupita juu. Baadaye ikajulikana kwamba mstari wao ulikuwa wa dakika za kuchelewa na wetu ulikuwa wa lita. Walikuwa wametupita kwa uvivu. Nilicheka siku mbili, lakini kicheko si takwimu.

5. Kuhusu utando wa buibui.

Huu sikuamini kama ni wa ofisi. Kila kituo kilichorewa umbo lenye pembe, kama utando, kila pembe jambo lake. Pembe za mambo mazuri na pembe ya maziwa yaliyoharibika zote zinavutwa kwenda nje, kwa hiyo mwenye umbo pana huenda ni hodari na huenda ni hasara inayotembea. Ukibadilisha mpangilio wa pembe, umbo linabadilika, ingawa ng'ombe ni wale wale na majani ni yale yale. Mama mmoja hapa kijijini aliliona umbo letu akauliza kama ni ramani ya shamba, na kama mpaka umeingia kwa nani, kwa sababu yeye ana kesi ya mpaka na asingependa kushangazwa mahakamani.

6. Kuhusu ng'ombe wangu anayenisaliti akiwa Gendabi.

Hili liko ndani ya mila zetu na nitaomba litazamwe kwa uzito. Unajua kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampelekea rafiki mmoja akae naye, rafiki anakamua, ndama wanarudi kwa mwenyewe, urafiki unakua, na ugonjwa ukija haukukuti na mayai yote kwenye kapu moja. Mimi nina ng'ombe wangu mwekundu, jike zuri sana, anaishi kwa rafiki yangu Gerald huko Gendabi. Anakamuliwa Gendabi. Maziwa yake yanapanda kwenye nguzo ya Gendabi. Yaani kila nikifungua simu, ng'ombe wangu mwenyewe amesimama juu ya kichwa changu.

Si mimi peke yangu. Nusu ya Tumati ina ng'ombe Gendabi, na wachache wa Gendabi wana ng'ombe kwetu, lakini hao hatuna haja ya kuwataja. Naomba kwenye nguzo ya Gendabi pachorwe mkanda wa rangi nyingine kuonyesha wageni kutoka Tumati. Na kama mkanda utakuwa mpana kuliko nguzo yenyewe, basi jina la kituo libadilishwe.

7. Kuhusu zile saa zenye mshale, kama za spidi ya gari.

Kila saa inajaza robo ya runinga na inasema namba moja tu. Namba moja ningeweza kuambiwa kwa simu.

Kutokana na hayo yote, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lile dogo. Kwanza, kila picha ijibu swali moja, na rula ianzie sifuri. Hilo naamini hata Hadiya analikubali. Pili, rangi nyekundu ipumzishwe hadi tangi litakapokuwa limefungwa na kuwashwa umeme. Tatu, kwa kuwa nguzo ndefu inaleta majivuno na fupi inaleta pole za simu, nguzo zote zichorwe na urefu sawa, na tofauti zielezwe kwa mdomo, kila kituo kikijieleza chenyewe. Nne, kama urefu sawa utaonekana ni uongo, basi urefu uamuliwe kwa kura. Tano, kura zikileta ugomvi, wazee wanne, mmoja kila kituo, wakae mbele ya runinga na Hadiya asiguse kitu mpaka wakubaliane nguzo ya nani imenyanyaswa. Sita, yote hayo yakishindikana, runinga igeuziwe ukutani, ninyi Bodi mpande gari mje Tumati muwatazame ng'ombe kwa macho yenu, muwashike mbavu, muonje maziwa, mle na viazi, kisha tangi mtuachie kabla ya kuondoka, kwa sababu kulirudisha kwa barabara ile ni kuliharibu bure.

Msimamo wetu unabaki ule ule: tangi ni la kituo chenye nguzo nyekundu fupi kuliko zote, na kituo hicho kwa sasa ni Tumati. Atakayesema kwamba Tumati tunaharibikiwa maziwa kuliko wengine, huyo anatuonea, na nitamjibu kwa barua nyingine.

Kwa leo kalamu naiweka chini kwa heshima, mikono miwili. Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, hata yule aliyesinzia nilipokuwa nachangia hoja. Msalimie Mzee Ayubu dukani kwake hapo Katesh na Mama Mwanaamina, uwaambie binti yao Hadiya tunamheshimu na ugomvi wetu ni na picha zake, siyo na malezi yake. Msalimie mlinzi, mama wa jikoni, na dereva wa lori ambaye anaijua barabara yetu kuliko walioichonga. Fransiska anakusalimu sana, amesema nisisahau kuandika neno tangi, nami nimeliandika mara nyingi.

Ni mimi mwanafunzi wako, mtiifu pale inapobidi,

Pascal Tluway,
Mwenyekiti, Kituo cha Maziwa Tumati.

N.B. Mwalimu, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, nimeifungua tena. Hadiya amefika hapa leo mchana kwa pikipiki, matope mpaka kwenye ushungi, maskini. Ameacha duara, tambi na buibui. Ameleta ukurasa mmoja wenye picha nne ndogo zilizopangwa sambamba, kila picha jambo moja na rula yake, vituo vimepangwa kwa mpangilio ule ule, Tumati imekolezwa rangi na wengine wamefifishwa. Nimeielewa kabla chai haijapoa. Ni picha nzuri mno, na natamani nisingeielewa.

Aliniuliza kwa upole kwa nini nguzo nyekundu yetu imepotea, kwa sababu Bodi ilishaamua tangu siku ya mkutano mkuu kwamba tangi litakwenda kwa kituo kinachoharibikiwa maziwa kuliko vyote. Kumbe tangi ni dawa, si daftari la mtoto wa kwanza! Tulikuwa tunaongoza, Mwalimu. Tulikuwa mbali kabisa, hakuna aliyetukaribia. Sasa tuko wa mwisho na Gendabi ndio wagonjwa.

Kwa hiyo naomba barua hii uisome kinyume. Nguzo nyekundu irudishwe, tena ikolezwe. Rula ianzie popote mnapoona panatufaa. Habari ya nguzo sawa ilikuwa mzaha. Atakayesema kwamba Tumati tunaharibikiwa maziwa kuliko wengine amesema kweli tupu, na mwambieni aongeze sauti. Runinga msiigeuze. Ila itazameni ya ule mwezi wa mkutano, msiitazame ya sasa, maana hii ya sasa haionyeshi ndoo ambazo hazikuja, na hakuna nguzo wala duara linaloweza kuonyesha maziwa yaliyomwagwa nyumbani na mwenyewe kwa mkono wake kwa sababu mimi nilimwambia amwage. Hilo linaniuma, wala sikufichi. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ndiyo kabisa.

Nimemwomba Hadiya amweleze Fransiska. Amekataa kwa heshima zote, anasema hiyo si kazi ya takwimu. Fransiska yuko zizini sasa hivi, nasikia anakamua huku anaimba, na nikishaifunga bahasha hii nakwenda kumwambia mwenyewe. Nitamwambia jioni hii asimwagie nguruwe hata tone. Ya nyumba zote tunayaleta, na kwa barabara hii naamini yatafika Katesh yameharibika vizuri.